Maneno ya Baba Yanachelewa Kufika

Jumanne, 3 Machi

Masika yameanza leo, na somo la kwanza la Baba limeanza leo. Nimeamua kuandika, maana kichwa kimejaa na wa kumwambia hayupo. Baba yupo, lakini hawezi kunijibu, na kumsemesha mtu asiyeweza kukukatiza ni kama kumwonea.

Nikizeeka nikasahau, nijisome hapa: mimi ni fundi wa mapazia, nashonea barazani kwetu. Baba yangu alikuwa dalali wa mnada. Miaka yote aliyofanya kazi, mdomo wake ulikuwa mbele ya mawazo ya watu. Ulikuwa hujakuna kichwa, kitanda kimeshauzwa na wewe ndiye uliyekinunua. Mwaka jana kiharusi kikampiga. Mkono umerudi, mguu umerudi kiasi cha kwenda chooni bila mimi, ila ulimi umebaki huko huko. Anaelewa kila kitu. Neno analiona kabisa, halitoki.

Mungu si Athumani, tumepata mwalimu wa matamshi. Yuko hospitali ya mbali, anafundisha kwa kompyuta Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi. Ametupa msimu huu. Mvua zikiisha atampima Baba. Akiwa amesonga, ataendelea naye, asiposonga nafasi itakwenda kwa mwingine aliye kwenye foleni. Alilisema kwa upole, lakini nililisikia.

Basi leo akainua picha ya kikombe. Baba akahangaika, akakunja uso, akatoa: "Kikombe." Safi kabisa, nilitaka kupiga vigelegele. Mwalimu kwenye kioo akamtazama tu, uso mkavu. Baba akajua amekosea. Akajaribu tena, safari hii akaharibu: "Kibo. Kikobe." Ndipo tabasamu la kikombe cha kwanza likafika, likamkuta Baba katikati ya kibo. Akanigeukia kuuliza kwa macho kama huyu mwanamke anamcheka.

Mtandao unachelewa. Namshukuru mwalimu kwa uvumilivu, lakini tukienda hivi Baba atajifunza kwamba kila akipata amekosa.

Alhamisi, 5 Machi

Mbaya zaidi. Sauti ya mwalimu ilikatika kama mtu anayezungumza huku anatafuna.

Jumapili, 8 Machi

Ndugu zangu wamepiga simu, kila mmoja kwa zamu yake, kama wanaotimiza adhabu. Kaka mkubwa: "Pole na kazi, mdogo wangu. Baba anaendeleaje?" Dada: hivyo hivyo. Kitindamimba wetu: hivyo hivyo, na kikohozi juu. Wote watatu wana kazi zao miji ya mbali, sina neno. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu somo, hata mmoja. Nilimwambia kaka mtandao unatusumbua, akauliza kama mvua zimeanza huko. Nikamwambia zimeanza. Maongezi yakaishia hapo.

Jumanne, 10 Machi

Nilipiga simu kwa wenye mtandao. Waliniambia nizime kisanduku cha mtandao, nikiwashe. Nimekizima na kukiwasha hadi kimekuwa kama taa ya barabarani. Nimeihamisha kompyuta kutoka chumbani kwa Baba kuja sebuleni, mezani mbele ya kochi, kando kabisa ya kisanduku. Nimeunganisha kwa waya ili tusitegemee hewa. Baba alifurahia kuhama, sebuleni kuna dirisha kubwa.

Somo likawa baya mara mbili ya lile la Alhamisi. Sielewi. Nimeisogeza kompyuta karibu, yenyewe imeenda mbali.

Ijumaa, 13 Machi

Fundi wa mtandao amekuja. Kijana mrefu aliyebeba ngazi, na hakuiweka chini muda wote niliokuwa namweleza, kwa hiyo nimempa jina la Ngazi na yeye amelipokea. Alikaa kwenye kompyuta akaandika vitu vyake.

"Natuma salamu ndogo, mama," akasema. "Inakwenda nje inarudi. Ikirudi upesi, njia nyeupe."

"Inarudi?"

"Inarudi mbio. Hapa hapana tatizo."

Nikamwambia tatizo huja saa ya somo. Akacheka, akasema mtandao haujui ratiba ya mtu. Nikamwambia wa kwangu unaijua. Akaacha namba yake ya simu, akasema nisisite kumpigia. Nashukuru, maana alitaka kuniona mwehu na bado akaacha namba.

Alhamisi, 19 Machi

Leo mvua ilinyesha hadi mfereji wa mbele ukaingia barazani, nikapandisha vitambaa vyote juu ya kabati. Nilijua somo limekufa. Badala yake mtandao ukawa mtamu, sijapata kuona. Baba alisema "mkate," mwalimu akatabasamu pale pale. Akasema "shuka," akatabasamu pale pale. Baada ya somo Baba alikula sahani nzima, akaniomba nyingine kwa kidole.

Kwa hiyo si mvua. Ahsante kwa siku ya leo, hata kama siielewi.

Jumanne, 24 Machi

Niandike hii yote, ingawa sitaki.

Hakuna wingu. Jua kali, anga tupu, na mtandao umerudi kuwa kichaa. Mwalimu aliinua picha ya kitasa. Baba akasema. Uso mkavu. Baba akasema tena, na wakati anasema, "Vizuri sana" ya kwanza ikamfikia na kumkata kauli. Akanyamaza ili amsikilize. Mwalimu naye akanyamaza ili amsikilize yeye. Wakatazamana. Kisha wakasema pamoja. Nikaona masikio ya Baba yanabadilika rangi.

Mtu huyu aliwahi kusimamisha uwanja mzima kwa neno moja. Leo amekaa anachezewa na waya.

Aliinua mkono uliopona, akafunga kompyuta taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Nikamwambia, "Baba, si wewe, ni mtandao." Akaniangalia. Nikarudia. Akajigonga mdomoni kwa kidole mara mbili, akatikisa kichwa, maana yake ni huku, binti, usinidanganye.

Alipolala mchana nilikaa pale pale kwenye kochi nikalia hadi kamasi. Machozi hayajaisha simu ikaita: dada. Katikati ya wiki, saa ya kazi. "Nimekuwaza tu," akasema. "Umekula? Amka ule kwanza, mdogo wangu. Osha uso ule." Sikumwambia kwamba nalia. Nikaenda nikaosha uso, nikala. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wa dada uliohisi kutoka mbali namna ile.

Alhamisi, 26 Machi

Baba amekataa somo. Amegeukia ukutani. Nimemwomba radhi mwalimu, naye amesema atatusubiri wiki ijayo. Hakusema atatusubiri hadi lini.

Jumamosi, 28 Machi

Nimejikaza. Nimemwambia Baba: mnada haufungwi na mnunuzi mmoja aliyenuna.  Kisha bega la kushoto likapanda na kushuka, lile bega lake la "haya, nione." Nimeshonea mapazia ya watu nikiimba.

Jumanne, 31 Machi

Nilimwita Ngazi aje saa ya somo lenyewe. Alikuja amelowa chapa chapa, akatuma salamu zake huku Baba anasoma, na nikaona uso wake unabadilika. "Mama, samahani," akasema. "Inakwenda inasahau kurudi."

Hapo nikampenda. Si wengi wanaosema samahani wakiwa na vifaa mkononi.

Akatuma salamu nyingine inayoishia kwenye kisanduku tu, isitoke nje. Hiyo ikarudi mbio. Akasema basi ugonjwa hauko kati ya kompyuta na kisanduku, uko kati ya kisanduku na nje. Akapanda nguzo kwenye manyunyu, akakuta kiungo kina kutu, akabadilisha waya wote hadi ukutani. Nilimpa shuka kuukuu ajifutie. Baba alimshika mkono alipokuwa anaaga, hakumwachia upesi.

Alhamisi, 2 Aprili

Waya mpya, ugonjwa ule ule. Nimemeza mate machungu.

Ijumaa, 3 Aprili

Ngazi kwenye simu: kama waya ni mzima, basi kuna kitu humo ndani kinachoijaza njia ya kwenda nje. Amenieleza hivi: mtandao wa nyumbani una njia mbili, ya kuingia ni barabara kuu, ya kutoka ni kichochoro. Sauti na sura ya Baba zinapita kichochoroni. Kitu kingine kikijazana mle, Baba anakaa foleni. Kisanduku chetu ni cha zamani, hakitaji ni nani. Kwa hiyo nitoe kitu kimoja kila somo, niangalie.

Nikamuuliza kama cherehani yangu ina mtandao. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 7 Aprili

Nimezima simu zote mbili. Hakuna tofauti.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimechomoa televisheni na kidude chake. Hakuna tofauti, ila Baba amesema "televisheni" kwa kuilaumu, neno refu zima. Mwalimu hakulisikia, lilipotelea njiani. Mimi nimelisikia.

Jumanne, 14 Aprili

Mtandao mzuri leo na sikuchomoa kitu. Unanicheza shere. Mwalimu amesema, kwa upole wake ule, kwamba tumebakiza wiki chache.

Alhamisi, 16 Aprili



Kitu cha mwisho kilichobaki ni kamera. Iko juu ya kabati la sebuleni, inatazama kochi. Kaka mkubwa aliifunga mwaka jana alipokuja kumwona Baba. Alisema ni ya wezi, na mimi nikawaza mwizi gani atakuja kuiba kochi hili. Nilijua ina kadi ndani yake, inaandika mambo yake humo, basi. Sikuwahi kuitilia maanani. Ninaifuta vumbi pamoja na saa ya ukutani. Leo nimeichomoa ili niseme tu kwamba nimemaliza vyote.

Mwalimu akainua picha ya ufunguo. Baba akasema "ufunguo," na tabasamu likawa limeshafika. Mlango: tabasamu. Kijiko: tabasamu. Baba alianza kukaa vizuri, akajivuta mbele, akawa anakwenda haraka, anamfukuza yule mwanamke na picha zake, mwalimu akacheka kwa sauti, "Mzee, ngoja nigeuze ukurasa."

Simu ikanitetemekea mfukoni. Kaka. Nikaikata. Dada. Nikaikata. Kitindamimba. Kaka tena. Watatu kwa mpigo katikati ya wiki, nikajua kuna msiba.  Nikaenda jikoni nikapokea.

"Baba ana nini?" kaka akasema, bila salamu. "Mbona giza?"

"Giza gani? Nani kafa?"

"Huku giza. Yuko salama? Ameanguka? Mwambie dada yako, anapiga hapa analia."

"Kaka, Baba anasoma. Giza liko wapi?"

 Nikageuka nikatazama mlango wa sebuleni, juu ya kabati, ule waya unaning'inia.

"Kaka," nikasema, "umejuaje kamera imezimika?"

Nikakata, nikampigia dada.

Dada nilimpata anashindwa kusema kwa kwikwi. Kitindamimba ndiye aliyesema yote kwa pumzi moja. Yeye anauza rangi dukani. Kila Jumanne na Alhamisi huegemeza simu kwenye makopo ya rangi, sauti chini, amtazame Baba akisoma kupitia kamera ile. Dada hujifungia chumba cha kubadilishia nguo kazini kwake. Kaka huiweka chini ya meza kwenye vikao. "Tulipoona Baba amehamia sebuleni, dada, tulifurahi mno," akasema. "Mwanzoni tulikuwa tunamsikia tu kutoka chumbani, sasa tukawa tunamwona vizuri."

Nilikata simu zote. Somo lilipoisha Baba alinikuta jikoni nimesimama na mwiko mkavu mkononi.

Ijumaa, 17 Aprili

Nina hasira, na nitaiandika kama ilivyo. Wameniona nikimfokea Baba siku alipomwaga uji. Wameniona nikicheza na ufagio. Wameniona nimelala mdomo wazi kwenye kochi. Nimechungwa kama mfanyakazi anayedhaniwa kuiba sukari, ndani ya nyumba ninayoifagia mwenyewe. Na Baba je? Nani alimuuliza?

Simu zinaita. Ziite.

Jumamosi, 18 Aprili

Ngazi amenimalizia hesabu. Kila anayefungua kamera huvuta picha yake peke yake, na zote zinatoka kwa kichochoro kimoja. Akifungua mmoja, Baba anapita. Wakifungua watatu, maneno ya Baba yanapanga foleni nyuma ya picha ya Baba. Ndiyo maana fundi akija siku isiyo ya somo hakuna kitu. Ndiyo maana ile siku ya gharika mambo yalikuwa shwari: kitindamimba alisema kaka alikuwa safarini na dada alikuwa zamu.

Kaka amepiga, nikapokea. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyapanga kwa ukubwa. Akaniwahi. "Mdogo wangu, tuliona aibu. Wewe umebeba, sisi tunatazama. Mtu atasemaje hilo kwa simu? Kila Jumapili nataka nikwambie nilivyoona Alhamisi ulivyomnyoa ndevu, nashindwa, nauliza mvua." Kisha akalia. Kaka yangu, ambaye hata siku ya kumzika mama alikuwa anagawa viti.

Nikamuuliza kuhusu ile siku niliyolia. Akasema ndiyo, dada alikuwa anatazama. Hakuhisi kutoka mbali, aliniona. Nilifikiri ningekasirika upya. Nikakuta nimekaa chini, na ninachowaza ni kwamba siku ile sikuwa nimelia peke yangu.

Nilikuwa nimewaandika vibaya humu. Sifuti, ila naandika na hili: wao watatu hawakukosa somo hata moja waliloweza kuliona. Nimewashukuru. Kisha nimewatukana kidogo, kwa afya. Kamera itabaki imechomolewa, na baada ya kila somo nitawapigia niwaeleze.

Jumanne, 21 Aprili

Njia nyeupe. Mwalimu alimwomba ahesabu hadi tano, na Baba akafungua mdomo, ikatoka ile sauti ya mnadani: "Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu." Akapiga meza kwa kiganja. Sote watatu tulishtuka, yeye mwenyewe kuliko sisi. Mwalimu akasema, "Nimenunua."

Ahsante, Mungu wangu. Sina lingine la kuandika.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua, mapazia, "sabuni," "dirisha," "njaa." Hii ya mwisho haikuwa kwenye picha.

Jumanne, 12 Mei

Baba ameniambia "nyamaza." Nimenyamaza kwa furaha.

Jumanne, 19 Mei

Kipimo. Nilivaa gauni zuri kana kwamba ni mimi ninayepimwa. Mwalimu alimwonyesha picha, akampa sentensi za kumalizia, akamuuliza mambo ya nyumbani. Alikosa kadhaa. Alipokosa alijua amekosa, alipopata alijua amepata, na mwalimu akasema hilo ndilo alilokuwa analitafuta muda wote. Anaendelea naye. Baba alimwambia "ahsante" kabla sijamaliza kuvuta pumzi ya kusema mimi.

Nimempigia Ngazi. Amesema atapita Jumamosi, bila ngazi.

Jumapili, 24 Mei

Leo tuliongea wote kwa pamoja, kwenye kompyuta: kaka, dada, kitindamimba, mimi na Baba kwenye kochi. Mara ya kwanza kwa Baba kuwaona nyuso zao kwa pamoja tangu augue. Aliwatazama mmoja mmoja, akamnyooshea kidole kitindamimba kwenye tumbo. Tukavunjika mbavu, maana kweli amenenepa.

Kisha kaka akaleta ombi lao. Alilileta kwa adabu zote. Kama ingewezekana kamera irudishwe, si saa ya somo, mchana tu, kidogo, kwa zamu, mmoja mmoja ili kichochoro kisijae. Dada akasema yeye hata nusu saa inamtosha. Walikuwa wamelipanga, ilionekana usoni mwao, na mimi nilitaka kusema ndiyo. Sikuwa na kinyongo tena.

Lakini nikawaambia, "Kochi ni la Baba na sura ni ya Baba. Mwulizeni mwenyewe."

Kaka akasogea karibu na kioo chake. "Baba. Tuiwashe kamera tuwe tunakuona?"

 Nilimwona anatafuta: kope zinashuka, kidole kinagonga goti. Sikumsaidia. Nimejifunza kwa mwalimu kutosaidia. Kimya kikarefuka, kaka akaanza kugusagusa simu yake, akasema, "Haloo? Mmekwama? Mtandao huo tena?"

"Njooni," Baba akasema.

Hakuna aliyetikisika. Nikaona kabisa dada ameshika mdomo, kwa hiyo lilikuwa limefika. Kaka akauliza taratibu, "Mdogo wangu, amesemaje? Huku kama limekatika."

Nikamwambia halijakatika. Mtandao hauna neno leo. Baba amesema mje.

Jumamosi, 30 Mei

Jua limewaka tangu asubuhi. Dada anafika kesho, kitindamimba keshokutwa, kaka ameomba ruhusa kazini. Nimetoa magodoro yote nje yaanikwe.